Mkaa Chini ya Maua

Kuna siku moja ambayo hunirudia kila mvua ya kwanza inapogonga bati, mwanangu, na mwaka huu imenirudia mapema, kabla hata ya mawingu, kwa sababu ya ujumbe wako wa simu. Umeandika kwamba nyumba yako ya Kasekese imeshaezekwa, uwanja umesawazishwa, na sasa unaomba nikutumie machipukizi ya yale maua meupe ya mpakani kwangu uyapange upande wa jirani, ili kiwanja kipendeze. Mama yako ndiye aliyenisomea, maana miwani yangu nilikuwa nimeikalia. Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Halafu akasema, "Haya, mjibu mwanao, Bwana Maua."

Ninakujibu. Ila unanijua: mimi nikiulizwa saa ngapi, huanza na habari za aliyeninunulia saa. Vuta kiti.

Kwanza nikukumbushe kwamba baba yako ni mtu wa nyumbani, wala sioni haya kulisema. Vijana wa rika langu hapa Misunkumilo walikuwa wakishuka ziwani Ikola kununua dagaa na kurudi na hadithi za mawimbi marefu kuliko nyumba. Mimi ziwa nimeliona mara mbili, na ile ya pili nilikwenda kuhakikisha kwamba ya kwanza sikuota. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ni kweli, lakini mkaa bure naye hajawahi kupotea njia. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, kazi ya kuandika magunia kwenye ghala la tumbaku, mke mpya ambaye ndiye huyo anayekucheka sasa hivi, na kiwanja pembeni ya mji, pale nyumba zinapoishia na mahindi yanapoanzia. Jioni nikitoka ghalani sikupitia popote. Nilikuja kufagia uwanja. Ndiyo, mimi. Wanaume walipita barabarani wakaniona na ufagio, wakamsalimia mama yako na kumpa pole.

Jirani yetu alikuwa Mama Kalista. Wewe ulimkuta mzee sana, lakini wakati ule alikuwa mjane mwenye nguvu zake, Mpimbwe kwa kabila, aliyekuwa akienda kwao kulima mpunga na kurudi msimu ukiisha. Kiwanja chake kilikuwa na nyumba ndogo, jiko la nyasi, na kati ya jiko na mpaka wetu bustani ya viazi vitamu na njugu mawe. Bustani ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha miezi ambayo mpunga haujafika. Ulimi wake ungeweza kumenya muhogo. Akifurahi aliniita mwanangu. Akikasirika aliniita Fomu Foo, kwa ajili ya kile cheti changu.

Siku hizo viwanja vya pembeni havikuwa vimepimwa. Mwenyekiti wa mtaa alitembea kwa hatua zake mwenyewe, akasema toka hapa hadi pale, mkapeana mikono, imekwisha. Mpaka mliuotesha wenyewe. Watu wenye akili walipanda minyaa au mkonge. Mimi nikaona minyaa ni mmea wa huzuni, haufai kuonwa na mke mpya kila asubuhi. Uani kwa bosi wangu wa ghalani kulikuwa na kichaka kimoja cha maua meupe, yamebanana mashada mashada kama ya bibi harusi. Jani lake ukilisugua linanuka kama karanga zilizovunda. Lakini ua lenyewe jua likishuka lilitoa harufu ya kumfanya mtu asamehe watu aliokuwa amepanga kutowasamehe. Niliomba miche. Nilipewa siku hiyo hiyo, tena mingi, tena bosi akanisaidia kuifunga kwenye baiskeli. Mwanangu, mtu akikupa mche haraka namna hiyo, muulize kwanza umemkosea nini.

Sasa, unajua kwetu mpaka haupandwi na mtu mmoja. Jirani anashika mche usimame, wewe unafukia. Na kabla ya kufukia, chini kabisa ya kila shimo mnaweka mkaa na vigae vya chungu. Mti hufa, kigingi huliwa na mchwa, lakini mkaa mchwa hana shughuli nao. Basi Mama Kalista akaja na mkaa kwenye ungo, nami nikaja na vigae vya chungu ambacho mama yako alikivunja wiki ya kwanza ya ndoa, ingawa mpaka leo anasema kilijivunja. Tulipanda safu moja iliyonyooka, toka barabarani hadi kwenye korongo la nyuma. Alinusa jani, akakunja uso, akauliza hiki kitu nimekitoa wapi. Nikamweleza habari za harufu ya jioni, kwa Kiswahili cha shule. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema ua ni ua, hana neno nalo, mradi likae linapowekwa.

Hapo ndipo alipokuwa amesema kila kitu, mwanangu. Mimi niliona tu kwamba amekubali.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtu mkubwa. Watu waliokuwa wakinipa pole wakaanza kusimama mpakani jioni, wakivuta pumzi. Nikapewa jina la Bwana Maua, nami nikalivaa kama koti. Masika yaliyofuata machipukizi yakaanza kutokea mbali na shina, hapa moja, pale moja. Nikafurahi. Nilidhani ni baraka. Yale yaliyotokea upande wangu niliyakanyaga na kuyakata bila kujua, maana uwanja wangu ulikuwa unafagiwa na kufyekwa kila siku ya Mungu. Kwa hiyo upande wangu yakashindwa, yakahamia pasipo na mwendawazimu mwenye ufagio. Yakaingia kwa Mama Kalista, chini kwa chini, mzizi ukitambaa kama mgeni anayeogopa kuamsha wenyeji, na siku moja akayakuta katikati ya viazi vyake.

Aliniita kwa upole. Akanionyesha. Nami nikafanya alilonifundisha baba yangu na babu yangu, yaani nikaenda kuchukua jembe. Nilipalilia yale maua kama mtu anayepalilia mahindi. Nilikata, nikafukua, nikakatakata mizizi vipande vipande, jasho linanitoka. Halafu, kwa kuwa nilijiona nimemsumbua mama wa watu, nikataka kumlipa wema. Nikamlimia matuta mapya. Wewe unajua sisi tunavyolima matuta: majani yote na mizizi unakusanya katikati, unafunika kwa udongo, yaoze yawe mbolea. Nikafanya hivyo hivyo. Kila kipande cha mzizi wa maua nilikilaza ndani ya tuta na kukifunika vizuri kama mtoto. Matuta yale yalinyooka kama mistari ya daftari. Mama Kalista akanipa togwa, kibuyu kizima, na nikarudi nyumbani nikijisikia karibu kuwa mtakatifu.

Mvua zikanyesha. Mwanangu, mmea ule, kipande cha mzizi kirefu kama kidole kinatosha. Nilikuwa nimempandia bustani nzima. Matuta yote yakatoka kijani, na haikuwa kijani ya viazi. Mama Kalista alisimama pale, mikono kiunoni, akayatazama muda mrefu, akanitazama na mimi.

"Wema hauozi, mwanangu," akasema. "Huu wako umeota."

Mama yako alilazimika kuingia ndani ili acheke kwa heshima.

Nilijaribu tena kwa jembe, na kila nilipojaribu yaliongezeka. Njugu mawe zikakosa hewa. Viazi vikatoa vidole badala ya viazi. Ilipofika mwisho wa masika, kichaka kilikuwa kimesimama toka kwenye safu yetu ya zamani hadi ukutani mwa jiko lake, na hakuna mtu aliyeweza kusema lipi shina mama na lipi mtoto. Yote yalikuwa na kimo kimoja, na jioni yote yalinukia bila aibu.

Katika hali hiyo ndipo watu wa ardhi walipokuja kupima mtaa.

Alikuja kijana mmoja mpima, mwenye futi kamba na vigingi vya chuma, na mwenyekiti wa mtaa akimwongoza. Yule mwenyekiti wa mwanzo, mwenye hatua zake, alikuwa ameshafariki, na huyu aliyeshika nafasi yake alijua jambo moja tu kuhusu sisi: kwamba mpaka wetu ni maua. Kazi ilikuwa rahisi. Majirani wawili wanasimama, wanaonyesha mpaka, kigingi kinapigwa, wanaenda kwa wengine. Watu walikuwa wanafuata nyuma kama wanafuata ngoma, maana siku ya kupimwa mipaka ndiyo siku ya kujua nani na nani hawapendani.

Walipofika kwetu mpima aliuliza mpaka uko wapi. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akaonyesha maua. Mpima akatazama kile kichaka, kipana kama uwanja wa kuanikia mahindi, akauliza mpaka ni mwanzo wake au mwisho wake. Mwenyekiti akacheka. Akasema maua ni ya Bwana Maua, kila mtu anajua, kwa hiyo yanapoishia maua ndipo na yeye anapoishia. Na maua yaliishia ukutani mwa jiko la Mama Kalista.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Lakini kijana alikuwa ameshainama kuchagua kigingi.

Hapo akajitokeza Deo. Deo alikuwa mtoto wa dada yake Mama Kalista, kijana wa umri wangu, mpole siku zote. Siku ile hakuwa mpole. Hakupiga kelele pia, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema kwa sauti ya kawaida, akiwatazama watu na si mimi, "Huyu hakuja kutusaidia kulima. Alikuja kupanda mpaka wake ndani ya matuta yetu. Amesoma huyu."

Mwanangu, watu wote wakanigeukia. Kwetu, mtu anayehamisha mpaka hazikwi na watu wengi. Watoto wake wanaposwa kwa shida. Na nilipotazama nyuso za watu nikaona wanapiga hesabu: safu ilinyooka, maua yakaingia, akaenda na jembe, akayafukia mwenyewe, sasa mpima amekuja. Hesabu ilikuwa inatoka sawasawa. Hata mimi ningejihukumu.

Nikuambie jambo ambalo watu hawalisemi sana. Ukiitwa mwizi mbele za watu na hujaiba, kuna sauti ndogo inakuambia: basi angalau uibe, aibu umeshailipia. Nilikuwa na hasira. Nilitazama kile kipande cha ardhi, kizuri, chenye rutuba, kinatosha chumba na sebule. Sikuhitaji kusema uongo. Nilihitaji kunyamaza tu. Mwenyekiti alishasema, mpima alishainama, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa hasira ambayo watu wangeweza kuidhania heshima.

Mama Kalista alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, anamenya njugu mawe ndani ya ungo. Hakusema kitu. Hakulia, hakuita watu washuhudie. Alikuwa ananitazama tu, na vidole vyake vinaendelea na kazi.

Nyuma yangu mama yako akakohoa. Unakijua kile kikohozi. Mpaka leo kikitoka, mimi hutafuta nilichosahau.

Nikasema, "Subirini. Chini ya mpaka wetu kuna mkaa."

Mpima akainua kichwa. Mwenyekiti akauliza mkaa gani tena. Nikasema maua haya yametembea, lakini mkaa hautembei. Mama Kalista alishika miche, mimi nikafukia, na chini ya kila shina la mwanzo tuliweka mkaa wa jikoni kwake na vigae vya chungu cha kwangu. Nikasema tuchimbe. Pasipo na mkaa si mpaka, hata kama pana maua ya kutosha harusi kumi.

Basi tukachimba. Mimi nilianzia upande wa nyumba yangu, Deo akaanzia upande wa jiko, kila mtu akielekea kwa mwenzake, na jua linapanda. Deo aling'oa shina la kwanza: mzizi mtupu. La pili vivyo hivyo. Nami kwangu udongo tu na minyoo. Watu wakaanza kutania kwamba Bwana Maua ameficha chakula cha mchana, kwamba mkaa ukipatikana wao watachangia nyama. Mama yako naye, badala ya kunitetea, akawaambia chungu kile kilijivunja chenyewe. Nilichimba huku naomba. Nilianza kuwaza labda mkaa tuliuota, kama lile ziwa.

Halafu jembe langu likasema kwaa! Nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole. Kigae, chekundu, kina lile doa jeusi la moshi. Chini yake mkaa, mweusi kama siku ulipotoka jikoni. Nilimwita Deo. Akaja, akainama, akakishika kile kigae, akakifuta kwa shati lake. Hakuniomba radhi, wala sikutaka. Alinyoosha mkono akanipa jembe lake, lililokuwa kali kuliko langu, na yeye akachukua langu, butu. Tukaendelea pamoja na safu ile. Tulikuwa sasa tunajua pa kupiga. Mkaa, hatua chache, mkaa, hatua chache, mkaa, mpaka korongoni, safu imenyooka vilevile kama tulivyoilaza, na ilikuwa karibu zaidi na mlango wangu kuliko hata mimi nilivyokuwa nakumbuka. Kijana akapiga vigingi vyake juu ya mkaa wetu. Vipo hadi leo. Nitakuonyesha ukija, ingawa nimeshakuonyesha mara nyingi, na mama yako anasema hata wageni wa msiba huwa nawaonyesha.

Watu walipotawanyika, nilimfuata Mama Kalista pale mlangoni. Nilikuwa na udongo hadi kwenye nyusi. Nikamwambia pole mama, mkaa nilikuwa nimeusahau, sijui ulinijiaje. Akapepeta njugu zake kwanza, akapuliza maganda.

"Mimi niliukumbuka tangu walipotokea barabarani," akasema.

Nikashangaa. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza, kiwanja chake kikitaka kwenda.

"Ningesema mimi, ningepata kiwanja changu," akasema. "Umesema wewe, nimepata na jirani."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile. Nimepewa barua za pongezi ghalani, nimepewa mbuzi kwenye harusi za watoto wa watu. Hakuna kitu nilichowahi kupewa kinachofanana na maneno yale. Nilitaka kukaa nayo kidogo, lakini Mama Kalista hakuwa mtu wa kumwachia mwingine asali mdomoni muda mrefu. Aliweka ungo chini, akanitazama vizuri, na sasa nikawa Fomu Foo tena. Akasema mimi sitembei, nakaa kwangu kama kinu, lakini maua yangu ndiyo yanayokwenda kutembea kwa watu bila kuaga. Basi kuanzia leo niyafuate kila yanapokwenda. Akasema kusema kweli ni nusu ya kazi, na nusu nyingine iko ndani ya matuta yake, inanisubiri.

Niliyafuata, mwanangu. Jembe nikalitundika. Nilijifunza kwa magoti. Mvua ikishalainisha udongo, unashika chipukizi likiwa bado changa, huvuti kwa hasira. Unafuata mzizi wake kwa vidole, taratibu, unakotoka, mpaka unapoungana na mzizi mkubwa, unakata hapo kwa kisu. Ukikata juu, umeuambia utoe mawili. Mizizi yote nilianika juu ya bati kuukuu kwenye jua mpaka ikavunjika kama kuni za kuwashia, ndipo nikachoma. Hakuna hata kipande kilichoingia tena kwenye tuta wala kutupwa korongoni, maana korongo linapeleka kwa watu wa chini, na wao hawakuniomba. Mama Kalista aliketi kwenye kigoda akinionyesha niliyoyaruka. Alikuwa na macho ya kipanga. Akiliona moja alisema, "Mtoto wako yule pale analia," nami natambaa. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka ule yalipungua. Mwaka uliofuata yalikuwa ya kuhesabika. Na masika moja akanipelekea mama yako kapu la viazi, vinene, vya kutoka kwenye yale matuta, na juu yake ameweka ua moja jeupe, kunichokoza.

Na ile safu? Hapo ndipo watu hunishangaa. Hatukuing'oa. Mama Kalista mwenyewe alikataa. Alisema harufu ameshaizoea, na mpaka unaonukia si kila mtu anao. Kwa hiyo nikachimba mtaro, pande zote mbili za safu, kina cha kufika gotini, goti langu si lako, na ndani nikasimamisha mabati chakavu yaliyonyooshwa, ukingo wa juu ukitokeza kidogo ili mizizi isiruke. Maua yakabaki katikati kama ng'ombe zizini. Mama yako huniambia wanaume wengine hujivunia magari, mimi najivunia shimo. Ni kweli. Ni shimo zuri. Limenyooka, limekaa, na kila kiangazi nalisafisha na kuyakagua mabati yake kama mtu anayekagua meno ya mjukuu.

Mama Kalista alipotutoka, Deo na wanawe walikuja kuomba mashada ya ile safu kwa ajili ya kaburi. Nilikata mwenyewe. Sikuacha hata moja lililofunguka. Sasa pale kwa Mama Kalista anakaa mjukuu wake, yule uliyesoma naye, na kila mvua ya kwanza ikinyesha nachukua kigoda na kisu, navuka kwenda upande wao, nakagua. Mara nyingi sikuti kitu. Watoto wake wakiniona wanapiga kelele kwamba Bwana Maua amekuja safari. Nami nawajibu kwamba ndiyo, nimefika salama, njia ilikuwa ndefu. Ndiyo safari yangu kubwa ya mwaka, mwanangu, hatua chache kuvuka mpaka wangu mwenyewe, na sijawahi kuichoka.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike. Usipande kitu kizuri mpakani kabla hujajua mizizi yake inakwenda wapi. Chimba mtaro kwanza, panda baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta kati yako na jirani ni gharama ambayo sisi watu wa Mpanda hatuiwezi. Chipukizi litoe likiwa changa, kwa mkono wako, usingoje kuitwa. Chako kikivuka kwenda kwa mwenzako, hata kama kinanukia, hata kama watu wanakisifu, usiseme kimejipeleka chenyewe, vuka ukakifuate. Wema wako kwa jirani usiufukie haraka haraka kwa udongo ili upate kushukuriwa. Uangalie kwanza umefukia nini. Na siku watu watakapokudhania vibaya, usiithibitishe dhana yao kwa hasira. Kumbuka mlichokiweka chini pamoja, useme kabla hujaulizwa.

Machipukizi nimekutumia kwa dereva wa lori la mahindi. Yako kwenye karai la zamani, nimelitoboa vitundu vidogo tu vya kutolea maji, na usiyatoe humo mpaka mtaro uwe tayari na mabati yamesimama. Mkaa nimekufungia kwenye gazeti. Vigae pia vimo, vya kile kile chungu. Mama yako anasema visipotosha atavunja kingine, safari hii kwa hiari. Lakini usipande peke yako. Nenda ubishe hodi kwa jirani yako, umwombe aje ashike mche.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako. Ardhi yako ikuzalie, mlango wako uingiwe na watu wanaokuja kwa amani, maua yako yakae unapoyaweka. Na siku ya kupimwa mipaka ikifika, Mungu akupe jirani anayeujua mkaa ulipo, akakungoja wewe useme.